Tembo wamepungua, au kuhesabu ndiko kumebadilika? Mwongozo wa kuchambua takwimu za sensa ya wanyamapori

Sensa ya anga ya mwaka 2013 katika mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa, Tanzania, ilikadiria tembo wapatao 20,000. Mwaka uliofuata makadirio yakawa kama 8,300. Hesabu ikarudiwa 2015, safari hii wakafika 15,800 hivi. Ukizichora namba hizo tatu kwenye grafu na kuziunga kwa mstari unapata msiba, kisha muujiza. Lakini tembo jike hubeba mimba miezi 22, na kundi linalostawi kweli kweli, bila ujangili wala ukame, huongezeka kwa kama asilimia 7 kwa mwaka. Kutoka 8,300 uzazi ungekufikisha 8,900. Hao wengine 6,900 hawakuzaliwa.

Ama waliingia kutoka nje, ama walikuwepo na hawakuonekana, ama bahati ya sampuli ilicheza pande zote mbili. Kazi ya mchambuzi ni kutenganisha mambo hayo kabla hajatamka neno "wamepungua". Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyepewa faili lenye miaka kadhaa ya sensa na kuambiwa atoe mwelekeo: mwanafunzi, ofisa wa hifadhi, mwandishi wa habari mwenye subira. Mifano mingi ni ya ndege ndogo na wanyama wakubwa, maana ndiko data nyingi za Afrika Mashariki zinakotoka.

Anza na jedwali la sensa zenyewe, grafu baadaye

Kila sensa ipe mstari mmoja. Safu zinazohitajika: tarehe ya kuanza na kumaliza, eneo kwa kilomita za mraba na ramani ya mpaka, mbinu (hesabu kamili au ya sampuli), nafasi kati ya transekti (mistari inayorukwa na ndege), upana wa mkanda wa kuhesabia uliopimwa, si uliokusudiwa, kimo cha wastani cha ndege, idadi ya transekti, waangalizi ni kina nani na wana uzoefu gani, makadirio, kosa sanifu, idadi ya mizoga. Kosa sanifu, kwa asiyelizoea, ni kipimo cha jinsi makadirio yangeyumba kama transekti zingeangukia sehemu nyingine za eneo lilelile.

Kujaza jedwali hilo huchukua siku nyingi kuliko uchambuzi wenyewe. Ripoti za zamani huandika "Selous" bila kusema kama Mikumi imo au haimo. Tangu 2019 jambo limezidi kuwa gumu, kwa sababu sehemu kubwa ya iliyokuwa Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtu akichukua namba ya "Selous" ya 2013 na kuilinganisha na ya pori la akiba lililobaki leo, atakuta maelfu ya tembo "wametoweka" kwa kuvuka mstari kwenye karatasi. Dawa ni moja: rudi kwenye data za kila transekti, kata upya kwa mpaka mmoja usiobadilika, kisha kadiria upya miaka yote. Kama data ghafi hazipo, linganisha miaka yenye mpaka mmoja tu na useme hivyo waziwazi.

Vivyo hivyo usichanganye hesabu kamili na hesabu ya sampuli kwenye mstari mmoja wa grafu. Katika hesabu kamili, kama zinazofanywa Tsavo, ndege huzunguka eneo lote kipande kwa kipande na kujaribu kuona kila kundi. Namba yake haina kosa sanifu kwa kuwa hakuna sampuli, ndiyo maana watu huisoma kana kwamba ni kamili kweli. Siyo. Ina upungufu wa wanyama wasioonekana, na upungufu huo hubadilika kadiri muda wa kuruka kwa kila kilomita ya mraba unavyobadilika. Andika dakika hizo kwenye jedwali. Sensa iliyoruka nusu ya muda wa ile iliyotangulia hailingani nayo, hata mbinu ikiwa na jina lilelile.

Tahadhari hiyohiyo inahusu jumla za nchi. Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa mwaka 2021 na kupata tembo 36,280. Jumla za kabla ya hapo zilitokana na kujumlisha hesabu za kanda mbalimbali za miaka tofauti, na kuzitoa kwenye 36,280 hakukupi ongezeko wala upungufu wowote wa maana.

Mkanda: mahali makosa madogo yanapozaliwa makubwa

Kwenye sensa ya sampuli, ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, mara nyingi kilomita 5 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa kimo cha futi 350 hivi (mita 107). Fimbo mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa kila upande humwonyesha mwangalizi wa nyuma mkanda wa kuhesabu, tuseme mita 150 kila upande. Mikanda miwili ni mita 300 kati ya kila mita 5,000, yaani asilimia 6 ya eneo. Kila tembo anayehesabiwa anawakilisha karibu 17. Kundi la tembo 60 likianguka ndani ya mkanda linaongeza 1,000 kwenye makadirio. Likisimama mita 50 nje ya fimbo linaongeza sifuri. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini namba za tembo huruka-ruka kuliko za twiga, ambao hutawanyika.

Upana wa mkanda hukua sambamba na kimo. Rubani akipanda hadi futi 385 badala ya 350, mkanda wa mita 150 unakuwa 165. Chukua transekti zenye urefu wa jumla ya kilomita 4,000 na wanyama 120 waliohesabiwa, eneo la kilomita za mraba 20,000. Ukitumia mkanda uliokusudiwa, umepekua kilomita za mraba 1,200, msongamano ni 0.1, na makadirio ni 2,000. Ukitumia mkanda halisi, umepekua 1,320 na makadirio ni 1,818. Tofauti ni wanyama 182 waliotengenezwa na futi 35. Kwa hiyo kimo kisomwe kwa rada au leza kila nusu dakika, na mkanda upimwe kwa kuruka juu ya alama zilizopangwa kwenye uwanja wa ndege kabla ya sensa, si kunakili namba ya mwaka uliopita.

Makadirio yenyewe, kwa kuwa transekti hazilingani urefu, hufuata njia ya pili ya Jolly: jumla ya wanyama gawanya kwa jumla ya eneo lililopekuliwa, kisha zidisha kwa eneo lote. Variansi yake, yaani mraba wa kosa sanifu, huhesabiwa kutokana na tofauti kati ya transekti na transekti. Hapa pana mtego unaowanasa hata wenye shahada. Data huandikwa kwa vipande vya sekunde 30. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa kila kipande ni kilomita 1.5. Transekti 40 zinaweza kutoa vipande 2,400, na mtu anaweka 2,400 kama ukubwa wa sampuli. Vipande jirani vya transekti moja si mashahidi huru: kundi lililo kwenye kipande cha 12 mara nyingi limemwagikia cha 13. Sampuli yako ni 40. Ukitumia 2,400 kosa sanifu linasinyaa isivyo halali, na kila mtikisiko unaonekana kama habari.

Wala usilifute lile kundi kubwa lililoanguka kwenye transekti moja eti limeharibu wastani. Tembo ndivyo walivyo. Kama makundi makubwa yanasumbua kila mwaka, gawa eneo kwa tabaka kabla ya kuruka, zenye wanyama wengi zipewe transekti za karibu zaidi, na kila tabaka likadiriwe peke yake.

Macho ya waangalizi

Hakuna anayeona kila mnyama. Tatizo la mchambuzi wa mwelekeo si kukosa asilimia 20 ya wanyama. Asilimia 20 hiyohiyo ikikoswa kila mwaka mwelekeo unabaki sahihi. Tatizo ni pale kiwango kinapobadilika: waangalizi wapya, kiangazi kilichochelewa na miti bado ina majani, kuruka saa sita mchana wanyama wako kivulini, au kamera kuchukua nafasi ya macho. Huko Murchison Falls, Uganda, kamera zilizofungwa ubavuni mwa ndege ziliona wanyama wengi kuliko waangalizi wa kawaida. Ukianza kutumia kamera mwaka huu, idadi itapanda bila ndama hata mmoja kuzaliwa. Kwa hiyo mwaka wa kubadilisha mbinu, ruka kwa mbinu zote mbili, ya zamani na mpya, juu ya transekti zilezile, upate uwiano wa kuziunganisha.

Kiwango cha kuona hupimwa kwa waangalizi wawili wa upande mmoja, wa mbele na wa nyuma, wasiosikiana. Tuseme wa mbele ameona makundi 42, wa nyuma 38, na makundi 30 wameyaona wote. Kanuni ya Chapman: (42 + 1) × (38 + 1) ÷ (30 + 1) − 1. Hiyo ni 1,677 ÷ 31 − 1, yaani makundi 53. Kwa pamoja wameona 50, kwa hiyo wamekosa matatu. Mwangalizi wa mbele peke yake aliona 30 kati ya 38 ya mwenzake, asilimia 79. Wa nyuma 30 kati ya 42, asilimia 71. Sensa ya mwaka jana iliyotumia mwangalizi mmoja wa nyuma ilikuwa ikipoteza karibu kundi moja kati ya kila matatu na nusu.

Fanya hesabu hiyo kwa makundi madogo peke yake na makubwa peke yake. Kundi la 40 huonwa na kila mtu, tembo dume wa peke yake hukoswa na kila mtu, na ukiyachanganya, jumla itatoka chini ya ukweli. Na kama waangalizi walizungumza kwenye spika za kichwani, hesabu hiyo haina thamani.

Je, tofauti ni ya kweli?

Turudi Ruaha-Rungwa. Kwa zoezi hili tunachukua makadirio matatu ya juu na kuyapa makosa sanifu ya mfano: asilimia 20 ya makadirio kwa 2013 na 2014, asilimia 30 kwa 2015. Yaani 4,000, 1,660 na 4,740. Kanuni ni rahisi: tofauti ya makadirio gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa sanifu. Ikizidi 1.96, bahati ya sampuli peke yake ni nadra kuizaa.

2013 na 2014: tofauti 11,700, kigawanyo 4,331, jibu 2.70.
2014 na 2015: tofauti 7,500, kigawanyo 5,022, jibu 1.49.
2013 na 2015: tofauti 4,200, kigawanyo 6,202, jibu 0.68.

Kuongezeka karibu maradufu kutoka 2014 hadi 2015 hakufiki kiwango. Ule "muujiza" unaweza kuwa kelele tupu. Anguko la 2014 limevuka kiwango, lakini usikimbilie kulitangaza: kosa sanifu hupima bahati ya transekti tu. Halijui chochote kuhusu mwangalizi mchovu, mkanda uliopimwa vibaya, wala tembo waliovuka mpaka wa eneo wiki hiyo. Jibu la 2.70 linasema namba mbili ni tofauti. Halisemi kwa nini.

Baadhi ya watu hapo huamua kuunganisha 2014 na 2015 kwa wastani wenye mizani, kila makadirio yapewe uzito kwa kinyume cha variansi yake. Ni njia ya vitabuni, na hapa inapotosha. Makadirio makubwa huja na kosa sanifu kubwa, kwa hiyo mizani hiyo daima huvuta kuelekea chini. Kwa namba zetu inatoa tembo 9,100 hivi. Ukifanya mizani kwenye logi (logarithimu), kwa kutumia asilimia badala ya kosa lenyewe, unapata 10,100. Wastani wa kawaida ni 12,050. Tofauti ya karibu 3,000 imetokana na uchaguzi wa kanuni tu. Tunapendelea ya logi, lakini lililo muhimu zaidi ni kusema umetumia ipi.

Kabla ya kuchambua, jiulize pia data zako zina uwezo wa kuona nini. Ukilinganisha sensa mbili kwenye logi, kila moja ikiwa na kosa sanifu la asilimia 10 ya makadirio, upungufu lazima ufike kama asilimia 24 ndipo uvuke kiwango. Kosa likiwa asilimia 20, ni asilimia 43. Likiwa 30, ni asilimia 56. Idadi inayopungua kwa asilimia 5 kila mwaka, ikipimwa kwa sensa mbili za kosa la asilimia 20, ingehitaji karibu miaka 11 kabla hujaweza kusema lolote. Kuongeza transekti maradufu hushusha 20 hadi 14 tu, kwa sababu kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha sampuli. Kwa hiyo ripoti inayosema "hakuna mabadiliko ya maana" bila kutaja ukubwa wa badiliko ambalo ingeweza kuliona haijasema kitu. Hifadhi inaweza kupoteza theluthi ya nyati wake chini ya sentensi hiyo.

Asilimia, logi na kasi ya mwaka

Tanzania ilikuwa na makadirio ya tembo 109,000 hivi mwaka 2009 na 43,000 na kitu mwaka 2014. Upungufu ni asilimia 60 kwa miaka mitano, na wengi hugawa: asilimia 12 kwa mwaka. Jaribu: anza na 100, punguza asilimia 12 mara tano, unabaki na 53, si 40. Wanyama hupungua kwa kuzidisha, si kwa kutoa. Njia sahihi: logi asilia ya (43 ÷ 109) ni −0.93, gawa kwa 5 upate −0.186; rudisha kutoka kwenye logi upate 0.83. Kasi ni asilimia 17 kwa mwaka. Selous-Mikumi, kutoka kama 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 mwaka 2013, ilikuwa karibu asilimia 24 kwa mwaka.

Kwa sababu hiyohiyo chora grafu kwenye mizani ya logi na upitishe mstari wa mwelekeo kwenye logi. Kushuka kwa nusu na kupanda maradufu vinakuwa hatua zinazolingana, jambo ambalo asilimia hazifanyi: asilimia 50 chini kisha asilimia 50 juu inakuacha na robo tatu.

Sifuri huleta shida hapo, maana sifuri haina logi. Desturi ya kuongeza 1 kwa kila hesabu iepuke kwa wanyama adimu. Ukiongeza 1 kwenye 0 na kwenye 3, uwiano uliokuwa hauna kikomo unakuwa 4, ukiongeza 0.1 unakuwa 31. Jibu linategemea nyongeza uliyojichagulia. Tumia modeli ya takwimu iliyotengenezwa kwa vitu vinavyohesabiwa kimoja kimoja, ya Poisoni au bora zaidi binomia hasi, ambayo hupokea sifuri kama ilivyo na kuvumilia makundi. Programu ya R inazo zote bure. Weka logi ya eneo lililopekuliwa kama kiambatisho kisichokadiriwa (offset), ili transekti fupi isionekane kama transekti yenye wanyama wachache.

Mwaka wa kuanzia

Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sotoka ilipodhibitiwa kwa ng'ombe, ndama wa nyumbu wakaacha kufa nayo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa milioni 1.3. Ukame wa 1993 ukawashusha hadi 900,000 hivi, kisha wakarudi kwenye milioni 1.2 au 1.3.

Sasa andika kichwa cha habari. Ukianzia 1961, wameongezeka mara tano. Ukianzia 1977, hawajabadilika. Ukianzia 1994, wameongezeka kwa zaidi ya theluthi. Vyote vitatu ni vya kweli na kila kimoja peke yake kinadanganya. Mara nyingi sensa yenyewe huanzishwa kwa sababu ya hofu: ujangili umechacha, au ukame umepita. Mwaka wa kwanza wa data basi huwa mwaka mbaya, na miaka inayofuata inaonekana nafuu hata kama hakuna aliyefanya lolote. Mradi wa uhifadhi ulioanza mwaka huo utajisifu bure.

Njia ya kujikinga ni kutumia miaka yote, kisha kurudia uchambuzi ukiondoa mwaka wa kwanza, halafu wa mwisho, halafu yote miwili. Mwelekeo ukigeuka kwa kuondoa nukta moja, huna mwelekeo. Na kama historia ina mapinda, kama hii ya nyumbu, usilazimishe mstari mnyoofu. Tumia mkunjo laini, na miaka isiyo na sensa iache wazi. Kujaza pengo kwa wastani wa majirani zake ni kutunga data na kisha kujipa cheti cha uhakika kwa ulichokitunga.

Nyumbu hao hao wana funzo jingine. Namba ya milioni 1.3 imetokana na kupiga picha za anga mistari kwa mistari juu ya nyanda za nyasi fupi, kundi likiwa limekusanyika. Mwaka 2025 ulitoka uchambuzi wa picha za setilaiti za 2022 na 2023, uliosomwa na kompyuta, ukapata chini ya 600,000. Je, nusu wamekufa? Mbinu ni nyingine, msimu ni mwingine, sehemu iliyopigwa picha ni nyingine. Namba hizo mbili haziwezi kukaa kwenye mstari mmoja hadi mbinu zote ziwe zimetumika msimu mmoja.

Wastani wa maeneo mengi

Eneo la kwanza lilikuwa na swala 10,000, sasa 9,500. La pili lilikuwa na 20, sasa 4. Jumla imeshuka kwa asilimia 5. Wastani wa kijiometri wa uwiano, 0.95 na 0.2, ni 0.44, kwa hiyo imeshuka kwa asilimia 56. Hakuna aliyekosea. La kwanza linajibu swali "wanyama wangapi wamepotea?", la pili "eneo la kawaida limebadilika kiasi gani?" Faharasa ya Living Planet, ya kufuatilia idadi za wanyamapori duniani, hutumia njia ya pili: toleo la 2024 lilionyesha wastani wa upungufu wa asilimia 73 kati ya 1970 na 2020, na vyombo vya habari vikaandika kwamba asilimia 73 ya wanyama wametoweka. Hicho sicho kilichopimwa. Toa namba zote mbili, na utaje ni maeneo mangapi yameshuka na mangapi yamepanda.

"Wakizidi, hupungua": uthibitisho unaojizaa wenyewe

Huu ni mtego wa wataalamu. Unataka kujua kama idadi inajidhibiti, wakiwa wengi wanapungua na wakiwa wachache wanaongezeka. Unachora kasi ya mwaka dhidi ya idadi ya mwaka huo, na mstari unateremka vizuri. Kabla hujafurahi, fungua jedwali la kompyuta. Kwenye A2 hadi A31 weka =EXP(NORM.INV(RAND(),LN(10000),0.25)). Hao ni wanyama 10,000 wasiobadilika kamwe, wanaohesabiwa kwa makosa ya asilimia 25 miaka 30. Kwenye B2 hadi B30 weka =LN(A3/A2), kwenye C2 hadi C30 =LN(A2), kisha =CORREL(B2:B30,C2:C30). Bonyeza F9 mara kadhaa. Jibu litacheza karibu na −0.7 kila mara.

Hakuna mnyama aliyekufa wala kuzaliwa. Mwaka uliohesabiwa juu kimakosa hufuatwa na mwaka wa kawaida, basi unaonekana kama anguko. Kosa la kuhesabu peke yake limetengeneza sheria ya maumbile. Ili kutenganisha, tumia modeli ya tabaka mbili: ya chini ni idadi halisi inayotoka mwaka hadi mwaka, ya juu ni hesabu iliyopatikana, na kosa sanifu la kila sensa ndilo linaloiambia modeli tabaka la juu linayumba kiasi gani. Bila kosa sanifu modeli hubahatisha. Hiyo ndiyo sababu safu ile ya jedwali haina mbadala.

Mizoga kama shahidi wa pili

Kwa tembo kuna kipimo kinachohesabiwa na ndege hiyohiyo: mizoga gawanya kwa mizoga na walio hai kwa pamoja. Kwa kawaida uwiano unaozidi asilimia 8 huchukuliwa kuwa dalili ya idadi inayopungua. Sensa Kubwa ya Tembo, iliyotoka 2016 ikikadiria tembo 352,271 katika nchi 18, ilikuta karibu asilimia 12. Idadi ikishuka nusu huku mizoga ikibaki asilimia 3, tafuta tembo waliohama au waliokoswa kabla ya kutafuta majangili.

Lakini nao una mitego yake. Mifupa huonekana miaka kadhaa kwenye nyasi kavu na kutoweka mapema kwenye msitu wenye mvua. Walio hai wakihamia eneo jirani, uwiano hupanda bila kifo kipya. Kwa hiyo tenga mizoga mibichi, yenye ngozi na doa la majimaji ardhini, na mifupa mikavu. Mibichi ndiyo inayozungumzia mwaka huu.

Kuandika matokeo

Badala ya "tembo wamepungua kwa asilimia 59", andika kwa mfano hivi (makosa sanifu na maelezo ya waangalizi ni ya kubuni): "Makadirio yalishuka kutoka 20,000 (kosa sanifu 4,000) mwaka 2013 hadi 8,300 (kosa sanifu 1,660) mwaka 2014, kwa mpaka na upana wa mkanda uleule, waangalizi wa nyuma walikuwa wapya, kiwango cha kuona hakikupimwa." Msomaji anaona nguvu ya ushahidi na ufa wake kwa pamoja. Zungusha namba: 8,272 inadai usahihi ambao sensa ya asilimia 6 haina. Ambatisha faili la kila transekti, lenye urefu, kimo, upana wa mkanda na wanyama waliohesabiwa. Mtu atakayebadilishiwa mpaka wa hifadhi miaka kumi ijayo atalihitaji.